UCHANGANUZI: Ramani ya simu yaijua anga, haiijui nyumba isiyo na nambari

MADEREVA wa teksi zinazoitishwa kwa simu jijini Nairobi wana swali ambalo humwuliza takriban kila mteja kabla ya kung'oa gari: "Uko wapi hasa?" Huuliza hivyo ilhali skrini iliyo mbele yao inaonyesha alama ya mahali mteja aliposimama, barabara ya kumfikia na hata idadi ya dakika za safari. Naye mteja, badala ya kutaja jina la barabara na nambari ya nyumba, hujibu kwamba yuko kwenye geti jeusi, mkabala na duka la dawa, hatua chache kutoka kwa fundi wa viatu.

Mazungumzo hayo mafupi yana mengi ya kutufunza. Mtambo unaotegemea setilaiti zinazoelea takriban kilomita 20,200 juu ya vichwa vyetu humfikisha dereva hadi mtaani, kisha humwacha hapo aulize njia kama alivyouliza babu yake.

Wenye magari wameuzoea ukaidi huu. Kuna wanaoamriwa kupinda kulia mahali penye ukuta, wanaopelekwa hadi kwenye geti lililofungwa kwa minyororo, na wanaohakikishiwa kwamba wamefika ilhali wamesimama katikati ya shamba la mahindi. Sauti inayowaelekeza huyatamka majina ya Muthaiga, Ng'ando na Mbagathi kwa namna ambayo mwenyeji hawezi kuyatambua.

Lawama nyingi huelekezwa kwa mtambo. Zina mashiko, ila ukizichunguza kwa makini utagundua kwamba sehemu kubwa ya tatizo haiko angani wala ndani ya simu. Iko ardhini, katika nchi ambayo imejenga barabara kwa kasi kuliko inavyozipa majina, na ambayo raia wake wengi wana sanduku la posta lakini hawana anwani ya nyumba.

Setilaiti haikuoni

Ni vyema kwanza kuondoa dhana moja. Watu wengi huamini kwamba setilaiti humwona dereva na kumfuata aendako. Sivyo. Setilaiti za mfumo wa GPS hutangaza tu mahali zilipo na saa kamili ya wakati huo. Simu au kifaa kilicho garini husikiliza matangazo ya angalau setilaiti nne, hupima muda ambao kila moja imechukua kufika, kisha hukokotoa mahali kilipo.

Hesabu hiyo ni ya ajabu. Kutokana na kanuni za uhusiano zilizovumbuliwa na Albert Einstein, saa za setilaiti huenda kasi kuliko za ardhini kwa takriban sehemu 38 za milioni moja za sekunde kila siku. Tofauti hiyo isiporekebishwa, makosa yangeongezeka kwa kilomita 10 hivi kwa siku, na dereva aliye Westlands angeambiwa yuko mtaa mwingine kabisa kabla ya jua kutua.

Mfumo huu uliundwa na jeshi la Marekani, na setilaiti yake ya kwanza ikarushwa mwaka 1978. Raia wa kawaida waliahidiwa kuutumia baada ya mkasa wa Septemba 1, 1983, ambapo ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia, ikaingia katika anga ya Muungano wa Kisovieti na kudunguliwa. Watu wote 269 waliokuwamo walifariki. Rais Ronald Reagan alitangaza kwamba mfumo huo ungekuwa wazi kwa ulimwengu ili msiba kama huo usitokee tena.

Hata hivyo, jeshi lilikuwa likiyapotosha kwa makusudi matangazo ya raia, hivi kwamba kifaa kingeweza kukosea kwa mita 100. Ni mnamo Mei 2000 ambapo Rais Bill Clinton aliagiza upotoshaji huo ukomeshwe. Hapo ndipo biashara ya vifaa vya kuwaelekeza madereva ilipochipuka, kampuni kama vile Garmin na TomTom zikatajirika, kabla ya ramani za bure kwenye simu kuja kuwapokonya soko. Leo Urusi, China na Muungano wa Ulaya pia zina mifumo yao, na simu nyingi husikiliza zaidi ya mmoja.

Kwa hivyo suala la "niko wapi" lilitatuliwa kitambo. Suala ambalo halijatatuliwa ni "nipite wapi", na jibu la hilo halitoki kwenye setilaiti. Linatoka kwenye ramani, na ramani huchorwa na binadamu.

Barabara juu ya barabara

Chukua mfano wa Barabara Kuu ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012. Barabara hiyo ina njia kuu katikati na njia za pembeni za kuhudumia mitaa, na tofauti kati ya hizo mbili ni mita chache tu. Simu inaweza kukosea kwa mita hizo hizo chache. Matokeo yake ni kwamba dereva huambiwa apinde kushoto ilhali yuko kwenye njia kuu, na ukingo wa zege umemzuia. Akishapitwa na mchepuko wake hana budi kusonga mbele hadi anapoweza kugeuka, kisha arudi.

Barabara ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, imeongeza utata mwingine. Katika sehemu ya kilomita zake 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, barabara hiyo imejengwa juu ya nguzo, moja kwa moja juu ya Barabara ya Mombasa, Uhuru Highway na Waiyaki Way. Kwa mtambo unaoitazama dunia kama karatasi, magari ya juu na ya chini yako mahali pamoja. Aliye chini huelekezwa kana kwamba yuko juu, na asiye makini hujikuta langoni mwa kituo cha kulipia, akidaiwa ada ambayo hakuipangia bajeti.

Tatizo jingine ni mageti. Mitaa mingi ya Nairobi imejiwekea vizuizi kwa sababu za kiusalama, na baadhi hufungwa usiku. Ramani haina habari. Kwake, barabara ni barabara, na njia ya mkato inayookoa dakika tatu ni bora kuliko njia kuu, hata kama ni kichochoro chenye matope ambacho mwenyeji hathubutu kukipita saa nne usiku.

Msongamano nao? Ni haki kukiri kwamba hapa mtambo husaidia. Hupima mwendo wa simu za madereva wengine na kukisia palipokwama. Lakini makisio hayo yana mipaka. Mnamo 2020 msanii mmoja jijini Berlin, Ujerumani, alikokota kigari kilichojaa simu 99 barabarani, na ramani ikatangaza msongamano mahali palipokuwa wazi. Nairobi haihitaji kigari. Afisa wa trafiki anayepuuza taa na kuongoza magari kwa mkono, au msafara wa mheshimiwa unaosimamisha jiji, hutosha kuiharibu hesabu yoyote iliyofanywa na kompyuta.

Mji wa majina mawili

Kiini cha mgogoro, kwa maoni yangu, ni majina. Ramani rasmi na wakazi wa mji hawazungumzi lugha moja.

Wakenya huelekezana kwa vitu wanavyoviona, na hata vile ambavyo havionekani tena. Makutano ya Allsops yanaitwa hivyo kwa sababu ya kampuni ya pombe iliyotoweka zamani. Kituo cha Drive-In kilipewa jina la sinema ya watazamaji wa ndani ya magari. Wako wanaoagana wakutane Nakumatt, duka ambalo wadai wake walipiga kura mwaka 2020 lifilisiwe. Abiria wa Barabara ya Mombasa huteremka General Motors, ilhali kampuni hiyo ilibadilisha jina na kuwa Isuzu East Africa mwaka 2017. Githurai 45 na Kawangware 46 ni majina yaliyobeba nambari za mabasi.

Serikali nayo hubadilisha majina pasipo kuwabadilisha watu. Forest Road iliitwa Prof Wangari Maathai Road mwaka 2016, kwa heshima aliyostahiki mshindi huyo wa tuzo ya Nobel, lakini utasikia makondakta wakiitaja kwa jina la kale. Anayeingiza jina moja kwenye simu huku mwenyeji wake akitaja jingine ana kila sababu ya kupotea.

Fauka ya hayo, kuna majina yaliyorudiwa. Makongeni iko Nairobi na iko Thika. Majengo utaipata Nairobi, Mombasa na miji mingine chungu nzima. Rongai ya Kaunti ya Nakuru na Ongata Rongai ya Kajiado, ambayo wakazi wake huiita Rongai tu, zimetengana kwa zaidi ya kilomita 150. Mtambo hauwezi kujua uliikusudia ipi usipouambia.

Wala tusidhani ni aibu ya Kenya pekee. Mnamo 2009 watalii wawili wa Uswidi waliokuwa wakielekea kisiwa cha Capri, nchini Italia, walikosea herufi na kufikishwa Carpi, mji ulio bara, mamia ya kilomita kutoka walikotaka kwenda. Mwaka 2016 mtalii wa Marekani nchini Iceland aliongeza herufi "r" moja katika jina la barabara ya hoteli yake, akaendesha zaidi ya kilomita 400 hadi kijiji cha Siglufjörður, kaskazini mwa nchi hiyo. Sisi wahariri tunaoshinda tukirekebisha tahajia tunaelewa kwamba herufi moja si jambo dogo.

Kosa linapogeuka msiba

Visa hivyo vinachekesha. Vipo visivyochekesha. Mnamo Septemba 2022 mwanamume mmoja katika jimbo la North Carolina, Marekani, alifariki gari lake lilipotumbukia kutoka kwenye daraja lililokuwa limeporomoka tangu 2013. Familia yake ilienda kortini mwaka uliofuata, ikidai kwamba ramani ya simu ndiyo iliyomwelekeza huko. Novemba 2024, wanaume watatu waliaga dunia katika jimbo la Uttar Pradesh, India, gari lao lilipoanguka mtoni kutoka kwenye daraja ambalo halikuwa kamili. Iliripotiwa kwamba walikuwa wakifuata maelekezo ya simu.

Je, hapa kwetu? Mnamo Machi 2018 ardhi ilipasuka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kuelekea Narok. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliharibu barabara na madaraja katika kaunti nyingi, na barabara ya Garissa ikafunikwa na maji ya Mto Tana karibu na Madogo. Katika hali kama hizo barabara inaweza kukatika saa tisa usiku, na gari la kwanza kufika likafika gizani. Simu ya dereva huyo itaendelea kumwambia asonge mbele hadi mtu fulani, mahali fulani, aiarifu vinginevyo.

Mtu huyo ni nani? Mamlaka ya Barabara Kuu, ile ya Barabara za Mijini, ile ya Barabara za Mashambani na serikali za kaunti zote zina barabara zake. Mara nyingi hutoa tangazo la kufungwa kwa barabara magazetini na mitandaoni. Tangazo la gazetini halisomwi na ramani.

Lipo pia suala la dharura. Ambulensi inayotafuta mama anayejifungua, au gari la zimamoto linaloitafuta nyumba inayoteketea, haina muda wa kuuliza liko wapi geti jeusi. Mahali pasipo na jina la barabara wala nambari ya mlango, jirani hulazimika kutoka mbio hadi barabarani akapunge mkono. Dakika zinazopotea hapo hazihesabiwi na yeyote, lakini jamaa za mgonjwa huzikumbuka.

Kwa dereva wa teksi, hasara ni ya kila siku. Kanuni za mwaka 2022 ziliweka kikomo cha asilimia 18 kwa kamisheni ambayo kampuni za teksi za mitandaoni zinaweza kumkata dereva. Hakuna kanuni inayomfidia mafuta aliyoyachoma akizunguka mtaa kwa sababu alama ya mteja ilikuwa upande wa pili wa barabara kuu. Na akiishika simu mkononi gari likiwa mwendoni ili apigiane na mteja huyo, kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zinamtoza faini ya Sh2,000.

Kipo kingine kinachopotea polepole. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha London walionyesha kwamba madereva wa teksi wa mji huo, wanaotakiwa kukariri maelfu ya barabara kabla ya kupewa leseni, walikuwa na sehemu kubwa zaidi ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu na njia. Utafiti mwingine wa chuo hicho wa 2017 ulibaini kwamba mtu anapofuata maelekezo ya mtambo, eneo hilo halishughuliki kama anapojitafutia njia mwenyewe. Dereva anayeambiwa kila kona hajifunzi njia. Simu ikizima chaji, naye amezimika.

Maarifa ya wenyeji

Historia ya pwani yetu ina funzo hapa. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alikuwa na merikebu, mizinga na vipimo vya kila namna. Alichokosa ni mtu aliyeijua njia, na ilimbidi apewe rubani wa kumvusha Bahari ya Hindi hadi Calicut. Chombo pasipo mwenyeji hakikutosha wakati huo, na hakitoshi sasa.

Habari njema ni kwamba Wakenya wamekwisha kuonyesha jinsi maarifa ya wenyeji yanavyoweza kuingizwa kwenye chombo. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walianza kuuchora mtaa wao, ambao kwenye ramani za intaneti ulikuwa pengo tupu, wakiweka shule, zahanati, vyoo na vichochoro. Miaka michache baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walipanda matatu wakiwa na simu na kunakili njia zote pamoja na vituo kwa majina yanayotumiwa na abiria. Ramani hiyo ilitolewa 2014, na mwaka uliofuata njia za matatu za Nairobi zikaingizwa katika ramani za Google. Hakuna mhandisi wa ng'ambo ambaye angeotea kwamba kuna kituo kinachoitwa Fig Tree.

Jirani zetu wa Tanzania nao walifanya mwaka 2022 jambo ambalo sisi tumelijadili kwa miaka: waliendesha operesheni ya nchi nzima ya kuweka anwani za makazi, wakibandika nambari kwenye nyumba na vibao kwenye barabara kabla ya sensa ya Agosti mwaka huo. Ni kinaya kwamba Kenya, ambayo ilirusha setilaiti yake ya uchunguzi wa dunia, Taifa-1, mnamo Aprili 2023, inaweza kuipiga picha ardhi yake kutoka angani lakini haiwezi kuiambia ambulensi nyumba inayotafutwa ni nambari ngapi.

Yanayofaa kufanywa si ya gharama za kutisha. Kaunti ziziwekee barabara zote vibao na nyumba zote nambari, na jina jipya lisitangazwe kabla ya kibao chake kusimikwa na ramani kuarifiwa. Mamlaka za barabara zichapishe orodha moja ya barabara na madaraja yaliyofungwa, kwa namna ambayo kampuni za ramani zinaweza kuisoma papo hapo. Kampuni hizo, zinazovuna faida kutokana na safari zetu, ziwe na ofisi inayopokea malalamishi ya Wakenya na kuyashughulikia kwa siku, si kwa miaka. Wala majina ya stejini yasidharauliwe; yaandikwe kando ya yale rasmi, kwa kuwa ndiyo yanayotumika.

Naye dereva asisahau kwamba usukani uko mikononi mwake. Kibao cha "barabara imefungwa", maji yanayopita juu ya daraja na mwenyeji anayekupungia mkono urudi vina uzito kuliko sauti yoyote kutoka kwenye simu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nao walisema hivyo wakijua kwamba mwenye kuuliza hufika.

Setilaiti zimefanya sehemu yake, tena bila malipo. Iliyosalia ni kazi ya rangi, mbao na misumari, na hiyo haifanyiki angani.